"Yamkini" ni uhakika au ni labda iliyovaa kanzu? Nimekula hasara ya barafu, nihukumieni

Mama Deli wa Sahare (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo wote.

Mie si mtu wa lugha, mie muuza samaki. Nakaa Sahare hapa Tanga, mzigo nachukua Deep Sea, wateja wangu ni mama lishe wa Ngamiani na nyumba mbili tatu za Raskazone wanaopenda nguru wa vipande. Nimekuja na neno moja tu lililonitia hasara. Nihukumieni kabla sijagombana na mtu niliyefanya naye biashara miaka sita.

Jumanne usiku, saa tatu hivi, nahodha ninayechukua mzigo kwake alinitumia ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Asalam aleikum mama. Sie tunatoka usiku huu na jarife. Yamkini kesho asubuhi tunatua na nguru inshallah. Jiandae." (Jarife ni nyavu za samaki wakubwa.)

Macho yangu na maandishi ya simu hayapatani siku hizi. Zamani alikuwa akinisomea kijana wangu mkubwa, sasa yuko Dar anahangaika na maisha, kazi hiyo kairithi dada yake mdogo wa kidato cha pili. Akasoma. Nikamuuliza, yamkini ndiyo nini hasa? Maana nalisikia kwenye hotuba na mawaidha, lakini mwenyewe silitumii, mie husema labda yakaisha. Mtoto akajibu bila kupepesa: "Ni hakika, mama. Si kuna upembuzi yakinifu?" Nikaona sawa, ada nalipa, huyu anajua.

Alfajiri nikaenda kuchukua barafu. Mabonge manane, elfu tano tano, hiyo arobaini. Bajaji ya kunibeba mie na deli langu, lile sanduku la barafu, hadi Deep Sea, elfu sita. Saa kumi na mbili na nusu niko ufukweni nimelikalia deli kama bibi harusi anayesubiri kuitwa. Vyombo vikaanza kuingia: dau moja la changu na tasi, ngarawa mbili za pweza. Chombo cha nahodha wangu sikioni. Napiga simu, naambiwa hapatikani. Saa tatu maji yakaanza kuchuruzika chini ya deli yananilowesha kanga. Saa tano nikafunua kutazama, mabonge yamebaki kama kile kipande cha sabuni kinachosahaulika bafuni.

Saa tisa alasiri ndipo chombo kikaingia. Ndani mna ndoo mbili za vibua na papa mtoto mmoja.

Nikamfuata hata hajakanyaga mchanga vizuri. Akaniambia kwa upole wake ule ule: "Mama, mie nilikwambia yamkini. Sikukwambia yakini."

Jamani! Kati ya yamkini na yakini ipo herufi moja tu, na herufi hiyo imenila elfu arobaini na sita. Ni nani mwenye makosa hapa: nahodha, mtoto, au mie niliyeamini?


Mzee wa Mkeka

Mama pole sana. Mimi niko Chumbageni na hasara za namna hiyo ndiyo maisha yangu. Huku kwetu neno la uhakika siku hizi ni "asilimia mia". Lakini mtu akikwambia "niko asilimia mia nakuja", wewe pika chakula chako mwenyewe. Na akisema "nipo njiani", jua yuko bafuni.

Jumamosi nilikuwa na mkeka wa kubeti wa timu kumi, zote za uhakika, odi zote kwenye 1.20 na 1.25. Tisa zikaingia. Ya kumi ikasawazishiwa dakika ya mwisho, mkeka ukachanika. Kwa hiyo mimi na wewe ndugu, ila wewe angalau ulikuwa na maji baridi ya kunawa uso.


Mwalimu Mstaafu Bagamoyo

Mama Deli, pole na hasara. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, sasa nimepumzika nyumbani Bagamoyo, na kila asubuhi napita pwani pale samaki wanaponadiwa. Kesi yako naielewa pande zote mbili.

Kwanza binti asichapwe. Kosa lake wanalifanya hata watangazaji. Yakini na yamkini yote ni ya asili ya Kiarabu na yanafanana kwa sura, lakini si ndugu. Yakini ni jambo lisilo na shaka ndani yake, ndiyo maana upembuzi yakinifu ukaitwa hivyo: mtu anapembua mpaka ajue anasimama wapi. Yamkini inatokana na "yumkinu", yaani inawezekana, na wako Waswahili wanaotamka "yumkini" mpaka leo. Ndugu yake wa damu ni "makini". Kwa hiyo kwa maana ya neno nahodha kasalimika: alikwambia jambo linawezekana, basi.

Sasa wewe unasema hulitumii, husema labda yakaisha. Hilo labda lenyewe nalo lina visa. Asili yake ni "la budda", na kwa Waarabu maana yake ni hapana njia nyingine, ni lazima. Hiyo budda ndiyo "budi" yetu tunaposema "sina budi" au "hapana budi". Angalia ajabu hiyo: mzizi mmoja umeingia Uswahilini kwa milango miwili. Uliopita mlango wa "hapana budi" ukabaki lazima kama ulivyotoka kwao. Uliopita mlango wa "labda" ukafika kwetu umelegea, ukawa huenda ndiyo, huenda siyo. Mimi hudhani, na haya ni yangu sikuyasoma popote, kwamba watu waliahidiana "la budda" mara nyingi mno bila kutokea, mpaka masikio yakazoea kulisikia kama "tutaona".

Kuna neno jingine la wazee, asaa. "Asaa Mungu akatujalia." Hilo ni labda yenye matumaini ndani yake, husemi "asaa chombo kikazama" ila uwe na chuki na mwenye chombo. Nakumbuka darasani msikitini tuliambiwa kwamba wafasiri wa Kurani husema asaa ikitoka kwa Mwenyezi Mungu huwa ni hakika, ikitoka kwa mja hubaki kuwa tumaini. Neno ni lile lile, msemaji ndiye aliyebadilika. Basi nawe ukipokea yamkini, tazama imetoka kwa nani.


Mama Deli wa Sahare

Shikamoo mwalimu. Nimemsomesha binti jibu lako kwa sauti, amenuna lakini pale pa makini amecheka. Ila mwalimu, kamusi hainirudishii barafu. Nilichotaka kujua ni kwamba mtu akiniambia yamkini, nikanunue au nisinunue?


Baharia wa Pangani

Marahaba mwanangu kabla hujaniamkia, mana nakuzidi bila shaka.

Mwalimu kasema kweli ya kitabu. Mie niseme ya baharini. Nimekuwa nahodha tangu enzi za tanga tupu, kabla ya mashine, na ujumbe wa huyo bwana nausoma vingine. Tazama kitenzi kilichofuata. Hakuandika "yamkini tukatua". Angeandika hivyo ningemtetea mpaka kesho, mana hiyo ka ndiyo kamba ya kujiokolea: huenda tukapata, huenda tukakosa, pengine akaja, yamkini ikawa. Ukiona ka baada ya maneno hayo ujue mwenyewe kasimama mguu mmoja. Yeye kaandika "yamkini tunatua". Hiyo na imeshatia nanga! Kisha juu yake akapachika "jiandae". Mtu hajiandai kwa jambo ambalo msemaji mwenyewe halimo moyoni mwake. Kwa hiyo mdomo ulisema yamkini, sentensi ikasema njoo na deli.

Na kwetu sie neno lenye nguvu kuliko yote hayo halimo kwenye orodha ya mwalimu. Ni "itakuwa". Chombo kimechelewa, mke wa baharia anasimama ufukweni anasema "itakuwa upepo umewakalia". Hana simu, hana redio, hakuna aliyemwambia. Lakini anajua mwezi, anajua maji, anajua mumewe hupitia wapi. Itakuwa ya mwanamke yule nimeiamini kuliko yakini za watu wengi. Au akisema "atakuwa yule" kivuli kikiwa bado mbali, mkono juu ya paji la uso. Hapo kapima, hakubahatisha.

Jambo jingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa angalizo la upepo mkali, wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 huku pwani yetu, chini huandika vitu viwili mbalimbali: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Vijana wengi husoma hilo la kwanza tu. Wakiona "uwezekano: wastani" wanasema ah, wastani, twende. Mie hulitazama la pili. Mvua ina uwezekano mkubwa lakini athari yake ni kulowa shati, naenda. Upepo una uwezekano mdogo lakini ukija unavunja mlingoti, naketi nashona nyavu. Mama Deli, wewe uliuliza uwezekano wa nguru kuja. Hukuuliza wasipokuja unaumia kiasi gani.


Mzee wa Mkeka

Baharia umeniua na hiyo "na imeshatia nanga" 😂


Dada wa Hesabu, Muheza

Nafundisha hesabu sekondari, na Baharia amefundisha nusu ya kipindi changu bila chaki.

Shuleni tunasema uwezekano huenda kutoka 0 hadi 1. (Hiyo "huenda" ni ya kwenda, siyo ya labda. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alininyooshea kidole akauliza, "Kwa hiyo mwalimu huna uhakika?" Darasa zima likaanguka.) 0 ni haiwi kabisa, 1 ni ile hapana budi ya mwalimu wa Bagamoyo. Maneno yetu yote mengine, labda, pengine, huenda, yamkini, yamo humo katikati, na hakuna kamusi inayosema yamkini ni 0.6 au 0.8. Haiwezi. Kila mtu ana kipimo chake. Lakini mtu mmoja, kwa mtu mmoja, kinapimika! Mama Deli, umefanya biashara na huyo nahodha miaka sita na ujumbe wake umo kwenye simu. Daftari la mzigo naamini unalo. Kaa na binti. Hesabuni ameandika yamkini mara ngapi, na katika hizo alitua na samaki mara ngapi. Mfanye vivyo hivyo kwa labda. Mtapata kamusi ya nahodha, siyo ya Kiswahili, na hiyo ndiyo unayohitaji wewe.

Halafu mpige hesabu ya barafu. Nguru wakija ukiwa na barafu unapata ngapi, wakija huna unapata ngapi, wasipokuja barafu inakula ngapi. Hapo utajua ni kuanzia uwezekano gani inakulipa kununua. Mkipata mfano wa mara nane au tisa msiuamini kama Msahafu, ni michache hiyo, lakini inashinda kukisia.

Kaka wa mkeka, nawe kwa ufupi: timu kumi, kila moja ina nafasi 80 kwa mia, zote kuingia pamoja ni kama 11 kwa mia. Zidisha 0.8 mara kumi kwenye simu yako uone. Kila moja peke yake ni yamkini, lakini kumi zikifungwa kamba moja ni ndoto.


Mzee wa Mkeka

Dada nimezidisha. Nimenyamaza.


Mama Deli wa Sahare

Nimerudi. Samahanini nimekawia, Ijumaa kulikuwa na shughuli ya ndoa huku mtaani na mie ndiye wa samaki wa kupaka.

Jana usiku binti kakaa na simu, mie nimekaa na daftari. Tumeanzia mwezi wa Ramadhani kuja huku, nyuma ya hapo simu ilikuwa nyingine. Kumbe neno lenyewe kalitumia siku zote! Ni kwamba kaka mtu alipokuwa akinisomea, hakuwa akisoma, alikuwa akitafsiri kwa kichwa chake: "Mama, anakuja," au "Mama, leo hapana." Mie nikadhani nahodha ndiye anayeandika hivyo. Nimempigia Dar kumuuliza, anasema "yamkini ya yule mzee ni anakuja, mama, labda yake ni lala." Mtoto ana kamusi kichwani na hakuniachia wakati anaondoka.

Basi hesabu ni hii. Yamkini kaiandika mara 9, na katika hizo kutua na mzigo wa maana ni 7. Labda kaiandika mara 13, kutua ni 4. Huenda mara 2, zote patupu. Yakini hajaandika hata mara moja, wala hakika. Inshallah imo kwenye zote 24, kwa hiyo hiyo binti kasema tusiihesabu, si kwa ubaya.

Za barafu: nguru wakija na barafu ninayo, nikishatoa gharama nabaki kama na elfu 70. Wakija sina barafu, nauza mbio mbio kwa bei ya hasira kabla jua halijapanda, nabaki na 20. Tofauti elfu 50. Wasipokuja, barafu na bajaji zimekula 46. Binti kaandika 46 gawanya kwa 96, akapata kama 0.48. Nikamwambia nieleze kwa lugha ya sokoni. Akasema: "Mama, kama nguru huja nusu ya safari au zaidi, nunua. Chini ya nusu, acha." Labda ya nahodha ni mara 4 kati ya 13, naacha. Yamkini yake ni mara 7 kati ya 9, nanunua.

Yaani siku ile niliyolia pale Deep Sea, barafu niliinunua kwa haki kabisa. Ilikuwa tu mojawapo ya zile mbili. Hili limenikalia kooni kidogo, maana nilishazoea kwamba nikila hasara lazima yupo wa kumlaumu.

Kwa kumlaumu huko huko, leo asubuhi nimekwenda kumkabili. Nikamwambia la Baharia, kwamba aliandika "tunatua" badala ya "tukatua". Akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa chombo. Akasema, "Mama, simu ile siandiki nikusome weye peke yako. Tajiri wa chombo huja akaichukua akatazama nimewaambia nini wanunuzi. Nikiandika labda, ataniuliza mafuta yake nayachoma kwa labda? Nikiandika hakika, mkinikosa mnanidai. Yamkini inanikaa katikati, tajiri anaisoma kwa upande wake, nanyi kwa upande wenu."

Nikakosa la kusema. Nikamwambia basi kwangu mie piga simu, usiandike. Akasema sawa. Tukanyamaza kidogo, kisha akainama, akatoa kolekole mmoja wa kama kilo mbili chini ya turubai, akamtumbukiza kwenye deli langu. Hakusema ni wa nini. Nami sikuuliza bei.


Baharia wa Pangani

Huyo kolekole mpake nazi, usimkaange.


Mwalimu Mstaafu Bagamoyo

"Nikusome weye" pale nadhani alikusudia "unisome weye", au binti amekosea kunakili? Nauliza kwa mazoea tu, usinijali.


Mzee wa Mkeka

Mama, ukimpigia muulize basi na Coastal Union wikiendi hii: ni yamkini au labda?


Mama Deli wa Sahare

Mwalimu, ni mie niliyekosea, nilikuwa naandika mwenyewe bila miwani.

Mzee wa Mkeka, nimemuuliza. Kasema inshallah.